Mama Mita, Aliyetaka Mdogo Wake Akapimwe

Mama anayezikwa leo hakuwa mtu wa kutulia. Hata wasifu huu aliuandikisha mwenyewe akiwa kitandani, akigombana na kila sentensi. Alikataza katakata yasiandikwe yale maneno ya “aliugua kwa muda mfupi.” Alitaka ugonjwa wake utajwe wazi, kwa ajili ya mdogo wake, fundi cherehani, ambaye naye alikuwa na kijiuvimbe kwenye titi na hataki kusikia habari za kupimwa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa nne wa mlinzi wa ghala. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1981. Mwalimu wa hesabu alimpa kazi ya kugawa madaftari, ili kama ni lazima azurure darasani, basi azurure kwa faida.

Mwaka 1984 aliajiriwa idara ya maji, kusoma mita nyumba hadi nyumba, na hapo jina la Mama Mita likamganda. Mbwa wakibweka ndani, alikuwa akisimama getini na kupaza sauti, “Mwenye nyumba, mfunge mwenzio huyo, meno yake nimeshayaona!” Kuna fundi bomba ambaye Mama Mita alimripoti kwa kuunganisha maji kinyemela. Fundi akapigwa faini, akaja ofisini amefura kwa hasira. Akaja tena, amechana nywele. Walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1988, wakajaliwa binti na mvulana. Mzee huyo bado anasema faini ile ilimlipa.

Baadaye alipandishwa cheo, akakalishwa dirishani kupokea malalamiko. Kiti kile hakikumpenda. Hedhi ilikoma, mwili ukaongezeka, na watu wakamsifu: “Ofisi imekukubali, mama! Umependeza!” Mdogo wake akawa anapanua magauni ya dada yake na ya kwake mwenyewe, maana kwa umbo walikuwa kurwa na doto. Wote wawili walicheka. Nani angeogopa sifa?

Mwaka 2018 aligundulika ana saratani ya titi. Uvimbe ulikuwa umejificha ndani kabisa, mkono hauufikii upesi. Daktari alimweleza taratibu kwamba mafuta ya mwili hayakai bure: hedhi ikishakoma, ndiyo yanayoendelea kutengeneza homoni, na saratani ya aina yake ilikuwa inakula homoni hiyo hiyo.

“Kwa hiyo nimejiletea mwenyewe?” aliuliza, machozi yanamlenga.

“Hapana, mama. Wembamba nao wanaugua, na wanene wengi hawaugui. Unene unaupa ugonjwa nguvu tu, na sisi tunataka kuunyima.”

Alifanyiwa upasuaji, akatibiwa, akaanza tena kutembea. Lakini katikati ya matibabu alinenepa zaidi, na ndugu wakashangilia kwamba ameshapona. Ole wao! Mwaka jana saratani ilirudi, ikaingia kwenye mifupa. Alipokonda, hao hao wakaanza kulia. Akawafokea: “Nikinenepa vigelegele, nikikonda vilio! Macho yenu ni mashine ya hospitali?”

Kila mdogo wake alipokuja kumwona, ugomvi ulikuwa ule ule.

“Dada, mimi hakiniumi.”

“Na mimi kiliniuma? Kilikaa kimya kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Nenda, mdogo wangu. Nitakusindikiza.”

Hakuwahi. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 11 Juni 2023, akidai dirisha lifunguliwe. Inauma, na hakuna namna ya kulisema hilo vizuri.

Juzi, nyumba imejaa waombolezaji, mdogo mtu akatoweka. Simu haipokei. Shemeji yake akafoka, “Marehemu hajazikwa, huyu anazurura wapi?” Alirudi alasiri, mkono kifuani, plasta chini ya blauzi.

“Wamenitoa kipande cha nyama kwenye uvimbe, wakakipime,” alisema. “Andikeni.”

Familia imeandika.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake wa kike, ambaye majibu yake yanatoka Ijumaa. Mtakaompa pole leo, msimwambie amenenepa wala amekonda. Muulizeni Ijumaa anakwenda na nani.

Mungu ampokee mama yetu, ampe pumziko la amani.