Marehemu Tryphena Mkawasi na Duara la Pili

“Mama, futa ubao, wavulana wanaingia.”

“Siufuti, Mwalimu. Duara la pili lina nukta tisa.”

“Kwani wewe kemia ulisomea wapi?”

“Hapa hapa, nikishika ufagio. Jana ulisema duara hilo linashika nane. Huyu wa tisa ametoka wapi, amekuja kutembea?”

Hivyo ndivyo marehemu Tryphena Mkawasi alivyobishana na Mwalimu Donald Wambua, Jumanne tarehe 10 Juni 1958, katika shule ya wavulana alikokuwa mfagizi, na wengi walioisikia habari hiyo walicheka bila kujua ilianzia wapi.

Marehemu alizaliwa Werugha tarehe 12 Machi 1919, akasoma shule ya misheni hadi darasa la tatu, akaitwa nyumbani kulima, na tarehe 7 Septemba 1940 akafunga ndoa kanisani na Bwana Hudson Mwandawiro, wakajaliwa watoto wanne, Wakio, Noah, Alice na kitinda mimba Obadiah, aliyezaliwa Novemba 1956.

Mwezi uliofuata Bwana Hudson aliangukiwa na mzigo wa katani shambani karibu na Voi, akavunjika mguu, ikabidi marehemu atafute kazi, na tarehe 1 Februari 1957 alipoanza kufagia, Wakio alitolewa shuleni akiwa darasa la saba ili abaki na mtoto. Mguu ulipona, Bwana Hudson akarudi kwenye ng’ombe wake, lakini kila shule ya Wakio ilipotajwa alisema Obadiah bado ni mdogo, na jambo hilo lilimuuma marehemu kuliko kazi yenyewe, kwa maana aliona amenunua ufagio kwa kiti cha binti yake.

Kwa hiyo alianza kuubeba ubao nyumbani. Kabla ya kuufuta alinakili kila kitu kwenye karatasi za kufungia sukari, na jioni, mboga zikichemka, alimpangia Wakio atomu sakafuni, katikati maharagwe mekundu yakiwa protoni zenye chaji chanya, meupe yakiwa nyutroni zisizo na chaji, na punje za wimbi zikiwa elektroni, zenye chaji hasi, zikizunguka nje kwa maduara, mbili duara la kwanza, nane la pili. Alimweleza kwamba idadi ya protoni ndiyo inayoipa atomu jina lake, kwamba sodiamu ina kumi na moja, na elektroni yake moja iliyobaki peke yake duara la tatu huchukuliwa na klorini, ambayo duara lake la nje lina saba na inatamani ya nane, na ndipo hupatikana chumvi. Siku hiyo alicheka sana, akasema, “Kumbe miaka yote hii nawapikia ndoa!”

Ndiyo maana ile nukta ya tisa hakuweza kuinyamazia, kwa sababu kosa lililokuwa ubaoni lingelala nyumbani kwake. Mwalimu Wambua alihesabu mara mbili mbele ya wavulana, akaifuta kwa kiganja, akaihamishia duara la tatu, na tangu siku hiyo akawa anampa marehemu daftari lake la masomo, alirudishe Ijumaa.

Mwezi Machi mwaka huu marehemu alianza kukohoa, akaendelea kufagia katika baridi na ukungu, na Ijumaa tarehe 3 Aprili 1959 alipelekwa hospitali ya Wesu, akaonekana ana homa ya mapafu, akafariki Alhamisi tarehe 16, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba kwa zamu kwenye machela, Mwalimu Wambua na wafanyakazi wenzake, na akina mama wa kanisa waliokamua ng’ombe wetu siku zote hizi. Mama, kazi umeimaliza, sasa lala, Mungu akutulize.

Yamebaki maneno yake ya mwisho katika nyumba hii, ambayo Bwana Hudson mwenyewe ameagiza yasomwe mbele yenu wote. Machela ilipofika mlangoni aliwaomba waliombeba wasimame, akamtazama Wakio aliyekuwa amembeba Obadiah mgongoni, kisha akamgeukia mumewe, akasema, “Baba Wakio, huyo mtoto mpokee wewe. Shule inafunguliwa mwezi ujao.”