Zamu ya Delbert Stamper

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Turkey Branch, nanyi wapiga fidla mliojibanza huko nyuma karibu na mlango, mimi ni Verna, mdogo wake Nadine, mjane wetu, na familia imenituma kusoma historia ya shemeji yangu kwa sababu watoto wake walijaribu jana jikoni wakashindwa, mmoja kwa kulia, mwingine kwa kucheka.

Marehemu Delbert Ray Stamper alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa hapa Turkey Branch, mashariki mwa Kentucky, mtoto wa nne wa mzee Clell Stamper, mchimba makaa, na mama Ova, ambaye alizoea kukaa barazani akichambua maharage na kuimba nyimbo ndefu za zamani, za wasichana waliozama mtoni na wanaume walionyongwa kwa haki, na mtoto huyu akazishika zote, kila ubeti na kila neno, lakini mahadhi yakamkataa tangu siku ya kwanza na hayakurudi tena kuomba radhi.

Alianza shule mwaka 1957 na kumaliza sekondari mjini mwaka 1969, ambako mwalimu wa kwaya alimpa kazi ya kufungua madirisha, kazi aliyoifanya kwa moyo mmoja. Agosti 1970 aliajiriwa kuendesha greda la barabara za kaunti, akaliendesha mpaka alipostaafu mwaka 2013, na sitaki kumsema marehemu vibaya, ila kila mtu hapa anajua kwamba theluji ikianguka, njia ya kwanza kusafishwa haikuwa ya daktari wala ya shule, ilikuwa ya kwenda kwa Hobart Estep.

Alifunga ndoa na dada yangu Nadine tarehe 15 Juni 1974 katika kanisa hili, baada ya kumchumbia kwa kumpeleka kwenye mashindano ya fidla, siku tatu kwenye matope, dada yangu akiwa amevaa viatu vya kwenda hotelini. Mungu akawajalia watoto wawili, Arlene mwaka 1976 na Wendell mwaka 1980, na wote wawili walijifunza mapema sana kujifanya wamelala ili baba aache kuimba. Hapa kanisani tulimpa kazi ya kupitisha sahani ya sadaka, ili awe mbali na kwaya.

Sasa, kwa ajili ya wakwe zetu waliotoka Ohio, niseme kwamba Hobart ndiye mpiga fidla wetu mkuu, na kila Jumamosi jioni, katika duka lake la zamani la chakula cha mifugo, watu huketi kwa duara na kupiga muziki, na sheria ni moja tu: aliyekaa ndani ya duara hupata zamu, zamu ikimfikia huchagua wimbo na kuuongoza, na harukwi mtu. Asiyejua kupiga wala kuimba hukaa nje, karibu na jiko la kuni. Delbert alitaka kiti kimoja cha ndani, na namwomba radhi Nadine, lakini hakutaka kitu kingine chochote duniani.

Mwaka 1979 alinunua banjo, akakaa barazani kiangazi kizima akikaza nyuzi, mpaka mbwa wao akahamia kwangu. Jumamosi moja akaibeba hadi kwa Hobart, naye Hobart akamtazama juu ya miwani. "Delbert, mdogo wangu, nakupenda, lakini ng'ombe wangu wamelala nyuma ya ukuta huu."

"Nitaimba kwa sauti ya chini, kaka."

"Ile ya chini ndiyo inayowatisha."

Delbert akacheka kuliko wote, akaenda kuchemsha kahawa, na tangu hapo akawa mpanga viti wao na dereva wao, na mwimbaji akisahau maneno katikati ya wimbo alikuwa anaegemea nyuma kuelekea lile jiko la kuni, Delbert akamnong'oneza ubeti unaofuata. Mimi jambo hilo liliniudhi na linaniudhi hadi leo, kwamba mlikuwa mnakula mkononi mwake huku mmemwacha nje, na mnaotazama viatu vyenu huko nyuma mnajijua.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2022, akalazwa hospitali ya mjini tarehe 3 Februari mwaka huu wa 2024. Jumamosi ya tarehe 17 wapigaji walimfuata huko na vyombo vyao, na kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo, viti vikapangwa kuzunguka kitanda, zamu ikaanza kwenda, mpaka Hobart akatambua kwamba Delbert sasa yumo ndani ya duara. Akamwambia Wendell asukume kitanda ukutani. Muuguzi akasema, "Hicho kina mashine, baba, hakisogei."

Nadine akasema, "Hobart, sheria ni yako."

Hobart akavua kofia. "Haya, Delbert. Zamu yako, mdogo wangu."

Akaimba wimbo wa mama yake, beti kumi na moja, bila kuruka neno na bila kugusa sauti hata moja iliyo sahihi, muuguzi akarudi mbio na daktari, na Hobart akamfuata kwa fidla kila alikopotelea, kama mtu anayetafuta ndama gizani, huku analia waziwazi. Alipomaliza akauliza, "Ilikuwaje, kaka?" Hobart, ambaye ni shemasi na hasemi uongo, akajibu, "Maneno yote yalikuwepo."

Alifariki Alhamisi, tarehe 22 Februari, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, na kwa siku zile tano hakuzungumzia jambo lingine.

Familia inawashukuru madaktari, na hasa muuguzi aliyekataa kusogeza kitanda, wafanyakazi wenzake wa barabara waliosafisha njia ya makaburini, na majirani kwa mikate ya mahindi ambayo hatutaimaliza. Baada ya maziko wapigaji wataketi kwa duara kulizunguka kaburi, zamu itakwenda, na ikimfikia Delbert hatarukwa, tutanyamaza wote kwa urefu wa beti kumi na moja, naye Hobart ameomba ahesabu yeye. Baadaye mkisahau maneno msinitazame mimi, aliyekuwa akiyajua tunamzika leo.

Pumzika kwa amani, shemeji, kiti chako kiko ndani.