Mama Bado Mmoja na Kadi Namba Saba

Ko. Mlio mmoja tu, wa kitu kidogo kilichogonga mbao, ulisikika nyumbani kwetu usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nane na dakika kumi, nami nilikuwa macho kando ya kitanda cha mama, na mama, ambaye tangu jioni hakuwa ametoa neno, akafumbua macho, akatazama mlangoni, akasema, "Njoo, njoo tu," na saa kumi na moja alfajiri akatutoka.

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi naye, mimi ni binti yake, na familia imenikabidhi kazi ya kusoma maisha yake mbele yenu. Wengi wenu mlimwita Mama Bado Mmoja, kwa utani na kwa mapenzi, bila kujua jina hilo lilitoka wapi, basi leo nitaeleza, maana bila hilo maisha yake hayasomeki.

Mama alizaliwa tarehe 14 Februari 1956, mtoto wa tatu kati ya sita wa mwashi na mshonaji, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyotazamana na kituo cha reli. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari hadi 1974, ambako mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti yake kwamba msichana huyu hakosei, ila anahesabu polepole mno, kisha akaingia chuo cha utunzaji wa kumbukumbu na kupata cheti mwaka 1976. Tarehe 3 Januari 1977 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika hospitali kuu, kwenye chumba cha chini ya ngazi, chenye dirisha moja, makabati manne ya chuma, na kiti kilicholegea mguu, na ni kiti hicho kilichomleta baba, fundi seremala wa hospitali, aliyekuja kukitengeneza mara tano ndani ya mwezi mmoja, mpaka matroni akamuuliza, "Fundi, hicho kiti kina miguu mingapi?" Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1980.

Walijaliwa watoto watatu. Wa kwanza ni msichana, aliyezaliwa usiku wa tarehe 2 Agosti 1982, wa pili ni mimi, niliyezaliwa tarehe 5 Oktoba 1989, na wa tatu ni mdogo wangu wa kiume, aliyezaliwa tarehe 11 Juni 1992, huyu aliyemshika baba mkono. Naona majirani mnatazamana, kwa kuwa katika miaka yote tuliyoishi nanyi mmetujua wawili.

Mwezi Novemba 1986 dada yangu, akiwa na miaka minne, alianza kutapika asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, akawa anapepesuka, na kila alipopita mlango wa chumba cha wazazi aligonga bega lake la kushoto kwenye fremu, mahali pale pale, hata mbao ikaanza kubonyea. Mama alidhani ni utundu. Jioni moja mtoto aligonga mlango akiwa amebeba bakuli, likavunjika, na mama akamwita jina lake kwa ukali, akamwambia, "Huna macho? Tazama unapopita!" Kesho yake mtoto hakuweza kusimama. Madaktari walikuta uvimbe wa nadra sana, ule unaoota kwa watoto wadogo nyuma ya ubongo, kwenye sehemu inayoshika mizani ya mwili, na tarehe 17 Machi 1987 dada yangu alifariki, na tangu bakuli lile mama hakuweza kulitamka tena jina lile, kwa kuwa kila lilipomfika mdomoni lilikuja na ule ukali.

Mwezi Juni mwaka huo walihamia mtaa huu wetu, mahali ambapo hakuna aliyewajua, na baba, kabla ya kukabidhi funguo za nyumba ya zamani, aliing'oa ile fremu, akaweka nyingine mpya mahali pake, akaja na ile ya zamani begani. Ndiyo fremu mnayoiona kwenye chumba chao, isiyofanana na za milango mingine, na baba kila anapopaka rangi huruka sehemu moja ndogo upande wa kushoto, ambapo nilipokuwa na miaka minne bega langu lilikaa sawasawa. Nilipouliza nani alipabonyeza, mama alisema, "Una dada, mwanangu, jina lake atakuambia baba yako," na baba aliponiona nakuja alisema, "Hilo muulize mama yako," na hivyo ndivyo walivyonizungusha kwa miaka zaidi ya thelathini, kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake tangulia.

Nao ule mlio tulikua nao. Haukuja kila usiku, pengine mara moja kwa mwezi, pengine mara mbili, ko moja, kwenye kimo cha mtoto, bila hatua kabla yake wala baada yake, na mama husema kutoka kitandani, "Njoo, njoo tu," na baba hugeukia ukutani. Mdogo wangu alikuwa akisema ni mbao inakauka. Mbao gani, ndugu zangu, inakauka miaka thelathini na saba?

Mwaka 1988 daktari mmoja wa watoto alianzisha daftari la uvimbe ule, akataka kujua unawapata watoto wangapi, wa umri gani, wa mitaa ipi, na kama idadi inapanda au inashuka, akaamua pia kurudi nyuma na kukusanya habari za watoto wote tangu Januari 1985, akamkabidhi mama kazi hiyo. Kila mtoto alikuwa na kadi yake, na sheria ya kwanza ya daftari ilikuwa kwamba kadi isiyo na jina haihesabiwi, kwa sababu ugonjwa wenyewe huwapata watoto wachache mno, na katika hesabu ndogo namna hiyo mtoto mmoja akiandikwa mara mbili, au akisahauliwa, mwaka mzima unapotoka.

Wale wa mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni mnakumbuka mwaka 1999, daftari lilipoonyesha watoto watatu katika mtaa wenu mmoja, watu wakaanza kuhama, wengine wakilaumu tangi la maji, wengine wakimnyooshea kidole mama wa mtoto mmoja. Mama alikuja kwa miguu, akaingia nyumba kwa nyumba, akatazama kila fremu ya mlango kwa kimo cha mtoto kabla hajakaribishwa kiti, akagundua kwamba kadi mbili ni za mtoto mmoja, moja ikiwa na jina la shuleni na nyingine jina la nyumbani. Watatu wakawa wawili. Mtu mmoja akamuuliza, "Sasa karani, hao wawili wameletwa na nini?" Akajibu, "Sijui, na daktari naye hajui, na wewe pia hujui, kwa hiyo shusha hicho kidole." Kisha akakaa na yule mama, aliyekuwa akirudia neno moja tu, nilimfanya nini mwanangu, akamwambia, "Hukumfanya kitu. Hatujui chanzo, na kutojua kwetu si kosa lako." Maneno hayo aliwaambia akina mama wengi, yeye mwenyewe hakuwahi kujiambia.

Kila mwaka ripoti ilipotoka aliisoma hadi mwisho, akaweka kalamu chini, akasema, "Bado mmoja." Wenzake wakacheka, wakampa jina, na manesi wakimpita ngazini waliita, "Bado Mmoja, hesabu itakumaliza!" naye akajibu, "Itanimaliza mimi, yenyewe itabaki." Alistaafu tarehe 29 Februari 2016, akiacha kadi themanini na nne zilizokamilika na moja isiyokamilika.

Mwezi Februari mwaka huu moyo wake ulianza kushindwa kazi, miguu ikavimba, akalazwa wiki tatu, akarudishwa nyumbani. Tarehe 20 Aprili alinituma kwa karani aliyekalia kiti chake, nikaoneshwa kadi namba saba katika droo ya chini, imejazwa kwa mwandiko wa mama, msichana, amezaliwa usiku wa tarehe 2 Agosti 1982, anatapika asubuhi, anagonga bega la kushoto, amefariki tarehe 17 Machi 1987, na mstari wa jina ukiwa mtupu. Karani akaniambia kadi za zamani zinafungwa tarehe 31 Mei, na isiyo na jina itatolewa. Nilirudi nikampa mama kalamu. Aliishika tangu adhuhuri hadi giza likaingia, akanirudishia, akasema, "Mwambie baba yako." Nikamwambia baba. Baba akatoka nje.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya moyo, majirani mliopokezana kutuchotea maji na kutupikia, wafanyakazi wa masjala, na wazazi wa watoto wa daftari, mliokuja leo kwa wingi ambao hatukuutarajia.

Karatasi niliyoandika jana mchana iliishia hapo. Lakini jana usiku, saa nane na dakika kumi, mama akiwa hayupo tena wa kuitika, mlio ulisikika, na ninyi mliolala kwetu mliusikia, mmoja wenu akauliza, "Nani huyo?" Nilikuwa nimelala kwenye mkeka ukumbini. Nilimwona baba akiinuka, mtu ambaye maisha yangu yote amegeukia ukutani, akaenda hadi mlangoni, akapiga goti moja, akaweka kiganja mahali palipobonyea, akasema, "Njoo, mwanangu, hakuna anayekukasirikia," na akamwita kwa jina lake, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Nilikaa macho hadi kulipokucha, na kulikuwa kimya. Asubuhi nilimuuliza baba kama naweza kulisoma hapa, akasema, "Soma, mimi sauti imekwisha." Karani wa daftari yuko hapa mstari wa mbele, kadi namba saba iko mapajani mwake, naye naona ameshafungua kalamu.

Mama, hakuna aliyebaki. Pumzikeni kwa amani, wewe na mwanao Chausiku.