Uvimbe Tuliouita Mwili

Wapendwa, habari za jioni. Mkiniona nimesimama hapa kwa miguu yangu, msidhani ni jambo dogo.

Wengi mnanijua. Naishi hapa Kangemi, na kazi yangu ni kusuka pale Kenyatta Market. Mwaka jana tumbo lilinikamata nikisuka, uchungu ukapenya hadi mgongoni, nikamwacha mteja na kichwa nusu. Hospitalini kule Upper Hill wakasema mawe ya nyongo yameziba njia, na kongosho limewaka vibaya. Kongosho, ndugu zangu. Hata sikujua ninalo.

Uji haukupita. Halafu nikaanza kujaa: miguu, mikono, uso. Na mnatujua sisi watu wa Magharibi mwa Kenya, mgonjwa akiwa na mwili tunashukuru. Mama mkwe wangu, aliyetoka Vihiga kuja kuniuguza, akanishika shavu. "Mwanangu, mwili umerudi." Wageni wakaimba palepale wodini. Mimi nilisikia pumzi ikipungua, lakini nani angemharibia mama furaha ile?

Siku moja nesi akanibonyeza mguu kwa kidole gumba. Akakitoa. Shimo likabaki.

"Mama, hii si nyama, ni maji," akamwambia mama mkwe polepole. "Kwa damu kuna protini inaitwa albumini, ndiyo inasaidia kushikilia maji kwa mishipa. Yake imeshuka sana juu ya vile ugonjwa ni mkali." Akasema nilishwe kwa mpira wa puani.

Mama akakataa. Kwake yeye, mtu wa kulishwa kwa mpira ni wa kuagwa. Nami nikalia, kwa sababu niliwaza hivyohivyo, na watoto wangu bado wadogo.

Kisha Mama akanibonyeza mguu yeye mwenyewe, akalitazama lile shimo. Akafunga leso kiunoni, akamwambia nesi, "Nionyeshe vile hiyo kitu inashikwa."

Tangu hapo, maziwa ya hospitali yakipita kwenye mpira, alikuwa kando yangu, ameushika. "Kula, mwanangu. Hii ni supu ya kuku. Hii sasa ni ya omena." Nilicheka na mpira puani, jamani, na kucheka kuliuma.

Kongosho likatulia, albumini ikapanda kidogokidogo, maji yakaondoka. Nikabaki mifupa. Mgeni mmoja akanong'ona, "Huyu ameisha." Mama akamgeukia. "Mwache akonde. Anapona."

Nawashukuru madaktari na manesi, na nyinyi mlioniletea supu ambayo sikuruhusiwa kuonja. Mungu aliiona. Ila nawaambia, ukienda kumwona mgonjwa usikimbilie kumsifia mwili. Muulize kwanza anapumuaje, halafu ngoja akujibu.

Na wewe Mama, uliyekaa pale nyuma ukijifanya unapanga vikombe, niangalie. Hukunizaa. Lakini nikiwa mtu mzima, mama wa watoto, ulininyonyesha.