Jivu Lililotiwa Maji

Baba paroko, wanajumuiya, majirani na ninyi nyote mliotoka mbali, mimi ndiye mdogo wake marehemu, niliyempokonya ziwa, na familia imenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake, ingawa shule yangu ni ndogo na machozi yako karibu, kwa hiyo nikikwama mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akabatizwa mwezi huohuo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akaishia hapo, si kwa kukosa akili, bali mama yetu aliugua na kuni hazijiokoti zenyewe.

Tarehe 3 Machi 1980 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule ya bweni ya wasichana, akapika hapo hadi alipostaafu mwaka 2013, wanafunzi wakimwita Mama Mwiko, na maharage yakigoma kuiva aliyatia maji ya jivu kidogo yakalainika, huku akiwaonya wapishi wageni wasiyaguse maji hayo kwa mikono, maana yanakula ngozi.

Tarehe 20 Juni 1981 alifunga ndoa na fundi bomba, mtu wa maneno machache na nyundo nyingi, wakajaliwa watoto wawili, kifungua mimba wa kike na kitinda mimba wa kiume ambaye ni dereva wa lori, na shemeji yetu huyo alitangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Tangu mwaka 1996 dada alipewa kazi ya kuandaa majivu ya kuanzia Kwaresima, naye alikusanya matawi makavu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, yale mliyochomeka juu ya milango, na mengine mliyoyasahau nyuma ya kabati mkayaleta yameliwa na mende, akayachoma kwenye sufuria kuukuu, akayatwanga, akayachekecha kwa kitambaa mpaka yakawa kama poda, akayapeleka sakristia yakiwa makavu.

Mwaka 2017 manung'uniko yalizidi, kwamba jivu kavu halishiki, mtu akifika getini limeshapeperuka, na huko kazini hakuna anayejua kama umefunga, hata mzee mmoja wa kanisa akamtania kuwa majivu yake ni kama mshahara, yanapita tu usoni. Dada alicheka, lakini neno lilimwingia, na Jumanne ya mkesha wa Majivu akayatia maji yashikane, akayaacha yalale humo hadi asubuhi, yeye aliyewaonya wapishi miaka yote, maana kichwani mwake maji ya jivu yalikuwa mambo ya jikoni, na haya ya kanisani yalikuwa ya kubarikiwa.

Siku ya Jumatano ya Majivu, tarehe 1 Machi 2017, kabla ya komunyo watu walishaanza kujikuna, mapaji ya nyuso yakatoka malengelenge yenye umbo la msalaba, na sisi tuliotaka tuonekane tukaonekana. Hayo yalipona, lakini mjukuu wake, binti wa kifungua mimba, alikuwa na miaka mitatu, kanisa lilikuwa na joto, jasho likateremsha lile jivu hadi jicho la kushoto, mtoto akalia, bibi yake akadhani ni usingizi, akambeba na kumbembeleza badala ya kumwosha, na jicho hilo halikuona tena.

Kifungua mimba akahama mtaa, akaacha kupokea simu ya mama yake, wakikutana msibani alikaa upande wa pili, na dada naye hakupaka majivu tena, kufunga alifunga, ila mstari wa majivu ukianza alitoka nje akasimama ukutani, na tulipomwambia Mungu ameshasamehe, alitujibu kwamba Mungu hakupofuka jicho.

Mwezi Septemba 2024 alianza kuumwa tumbo, tarehe 14 Oktoba vipimo vikaonyesha saratani, na tarehe 19 Februari 2025 akalazwa, kitanda cha karibu na dirisha, akawa haulizi dawa wala chakula, anauliza tu kama binti yake ameambiwa, na yule dereva alikwenda kumwambia dada yake, akarudi peke yake, akaenda tena, akarudi peke yake.

Jumatano ya Majivu ya mwaka huu, tarehe 5 Machi, padre alipita wodini, dada akageukia ukuta. Alasiri kifungua mimba akaingia, na jivu kwenye paji la uso na chupa ya uji mkononi, na mama yake, kwa sauti iliyokwisha, akamwomba achote kidogo kwenye paji lake ampake na yeye. Mimi nilikuwa nimeshika beseni, nikasikia alivyojibu.

"Mama, sijakusamehe, na siku ya leo sitakudanganya. Ila uji unapoa, fumbua mdomo."

Akamlisha nusu kikombe, akamfuta kidevu, akaondoka. Alhamisi akarudi akamlisha tena. Ijumaa tarehe 7 Machi, saa moja asubuhi, dada yetu alifariki dunia, bila majivu na bila lile neno.

Baadhi ya ndugu waliniomba nisome kwamba walipatana, nami mwanzoni niliandika hivyo kabisa, nikaona nimetunga uongo ndani ya Kwaresima, nikafuta, Mungu anirehemu. Kifungua mimba amekaa hapa mbele pamoja na mtoto wake, nawasihi mtu yeyote asimbane pale kaburini kwa maneno ya msamehe mama yako, asinong'onezwe wakati wa kutupia udongo, kwani mtu mwenye uchungu wa namna ile akashika kijiko, mimi nimetafuta jina la tendo hilo katika mafundisho yetu na sijalipata.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake waliomgeuza kitandani bila kuchoka, majirani mliotuletea maji na viti, wapishi wenzake wa zamani mliopika leo huku mnalia, na jumuiya mliosali naye hata alipowafukuza.

Dada, ulilolitaka sisi hatuna mamlaka ya kukupa, tungekuwa nalo tungekupa ukingali na macho ya kutuona, tunakuacha kwa yule anayeweza, nasi tunabaki hapa tukiomba asikatae. Pumzika kwa amani.