Mwalimu Sauti na Daftari la Kijani

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyinyi wa chuoni mliokaa viti vya mbele, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia yake, mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto sita, akaanza shule mwaka 1968, akahitimu ualimu mwaka 1982, akafundisha darasani hadi tarehe 1 Februari 1998, alipoajiriwa chuoni kuwa mkuu wa kitengo cha wanaosoma kwa masafa, wakiwa makwao, chumba namba tisa, chenye dirisha lisilofunga.

Tarehe 6 Juni 1987 aliolewa na fundi saa, shemeji yetu huyu hapa, wakajaliwa mabinti wawili, waliokua wakijua kwamba mama akiwa jikoni na kinasa sauti chake anawasomea vitabu wanafunzi wasioona, na ukikohoa tu utakiona cha moto, ukurasa unaanza upya. Ndipo akaitwa Mwalimu Sauti.

Alikuwa na daftari la kijani, kando ya jina la kila mwanafunzi mwenye shida ameandika shida yake na namna ya kumsaidia, huyu haoni, arekodiwe, huyu yuko gerezani, apelekewe karatasi, huyu ananyonyesha, apigiwe saa saba mtoto akilala. Tarehe 3 Machi 2022 naibu wake kitengoni, ambaye dada ndiye alimfundisha kazi, naye akimwita dada mama na kula mezani kwake, aliliomba daftari hilo ayaingize yaliyomo yote kwenye kompyuta, naye dada, jamani, akampa kwa mikono miwili.

Kumbe chuo kilikuwa kinatafuta wa kupunguza! Wote arobaini na mmoja walioandikiwa shida kando wakafutwa kwa barua, na tarehe 9 Mei mmoja wao, msuka viti asiyeona, akamletea dada barua yake amsomee, dada akaisoma kwa sauti mpaka chini, hadi jina lake mwenyewe na sahihi yake, imenakiliwa bila yeye kujua. Yule bwana alichukua fimbo yake akaondoka, hakurudi tena.

Dada aliandika malalamiko mara sita, hakujibiwa hata mstari mmoja, presha ikapanda, tarehe 20 Agosti akapooza, ulimi ukawa mzito, na tarehe 11 Januari 2023, saa nne asubuhi, akatutoka katika hospitali ya rufaa, wodi namba tano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba ngazini, na wenzake wa kazini, yaani mfagizi na mlinzi, kwani nyinyi wengine wa chuoni tunawaona leo kwa mara ya kwanza, na shada lenu kubwa tumeliona.

Naomba anayetafsiri kwa ishara anifuate polepole, na kama yule msuka viti yupo, asikie, maana maneno haya dada alihangaika siku mbili kuyatamka, akaniagiza niyasome mbele yenu: sahihi ile sikuiweka mimi, daftari nililitoa mimi, nisameheni.

Pumzika kwa amani, dada, wamekusikia.