Bi Gudveig na Mlango wa Ingunn

Tarehe 30 Juni, Bi Gudveig Nesbakk anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutoa ushauri nasaha katika kituo chetu cha familia hapa Storvågen, Norway. Alikuja kutoka mji wa Trondheim akisema atakaa majira mawili tu ya baridi. Tunashukuru kwamba hesabu ilimshinda.

Wiki yake ya kwanza aliiondoa meza ofisini mwake. Mkuu wa wakati ule alipouliza ataandikia wapi, alijibu, "Magotini. Mtu akija na mzigo wake, asikutane na mbao kwanza."

Wengi mmesikia habari za mlango wa Ingunn Lorås, naye ameturuhusu kuzisimulia. Alikuwa na miaka ishirini na miwili alipoacha chuo na kujifungia chumbani. Mwaka ukaisha. Wataalamu wawili walipita na mipango yao mizuri, wakaondoka nayo. Bi Gudveig akaenda, akaketi sakafuni nje ya mlango, akamwuliza anataka nini.

"Nataka uniache!"

"Sawa. Nikuache leo, au nikuache moja kwa moja?"

"Leo."

Bi Gudveig akavaa koti, akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi, na iliyofuata pia. Mama mtu, Solbjørg, uvumilivu ukamwishia. "Dada, umekuja kumsaidia mwanangu au kunimalizia kahawa?"

Bi Gudveig akacheka sana. Halafu akamwuliza taratibu, "Na wewe, Solbjørg, unalala?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Alilia palepale, akasema jambo ambalo hata mumewe hakulijua: alikuwa anaogopa kwenda dukani, asije akarudi asimkute binti yake hai.

Kitasa kikazunguka. Ingunn akatoka na soksi tu miguuni, nywele timutimu, akaketi ubavuni mwa mama yake.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na mlango umefungwa?"

Wakacheka huku wanalia. Tangu hapo familia nzima ikawa inazungumza. Baba alipotaka binti arudi chuoni, Bi Gudveig alimgeukia Ingunn mwenyewe: "Wewe waonaje?" Ingunn alitaka kuchomelea vyuma. Leo ni fundi mkuu katika karakana ya meli, na sauti yake ndiyo kubwa kuliko zote humo.

Manispaa ilipotaka kufuta ziara za majumbani, familia zilijaa ukumbini hadi watu wakasimama. Solbjørg ndiye aliyeshika kipaza sauti. Ziara hazikufutwa, na sasa kila mshauri mpya hapa huanzia kazi nyumbani kwa watu.

Bi Gudveig, umetufundisha kumwuliza mtu kabla ya kumwambia. Kwa niaba ya wenzako na familia zote, asante sana. Mumeo Aslak anasema viazi vya bustanini vinakungoja. Afya iwe tele, usingizi uwe mtamu, na kila siku iwe yako mwenyewe.